Mwaka Niliofundisha Nyuma ya Pazia

Kwenye mazishi ya Dani Perpetua, kule upande wa Bondo, nilisikia kwa masikio yangu, kupitia kipaza sauti, kwamba mimi niliwahi kuvaa leso na kujitanda kitambaa kichwani ili niketi miongoni mwa wasichana na kuwafundisha habari za hedhi. Mshereheshaji, kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati huo, alilitangaza jambo hilo mbele ya mchungaji, chifu na turubai zima la waombolezaji, nao wakacheka kicheko cha watu waliokuwa wakisubiri ruhusa ya kucheka tangu asubuhi. Nimefundisha sayansi hadi nikastaafu, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuikubali habari kwa sababu tu imesimuliwa na wengi. Hata umri wa marehemu, uliosemwa kuwa ni miaka mia, niliunyamazia kwa heshima tu, cheti sikukiona. Niliinuka, nikaenda hadi kwa mshereheshaji, nikamuuliza ushahidi wake uko wapi. Akaninyooshea kidole kuelekea viti vya familia. Pale alikuwa ameketi Awuor, mjukuu wa marehemu, ambaye siku hizi ni daktari wa mifugo na ana miwani minene kuliko yangu. Hakunitazama usoni kwanza. Alivitazama viatu vyangu, akayapandisha macho polepole hadi magotini, kisha tumboni, kisha kifuani, na mwisho kabisa usoni. "Ni yeye," akawaambia waliokaa naye. Nilimuuliza ni nani aliyeeneza habari ya leso. "Ni mimi, Mwalimu," akajibu bila haya. "Ile ya kweli nilijaribu, watu walikataa kuiamini." Basi ninaiandika hapa ile ya kweli, kwa kuwa mashahidi wanapungua.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, katikati ya miaka ya themanini, wakati mtaala mpya ulipokuwa umetuongezea darasa la nane na kutupunguzia usingizi. Nilipangiwa shule ya msingi ukingoni mwa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, nikapanga chumba kwa Dani Perpetua. Dani ni bibi kwa Kijaluo, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wanaume wenye mvi. Nyumba yake ya mbele ilikuwa na vyumba viwili, kuta za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, na paa la mabati lililotoa taarifa ya kila tone la mvua. Chumba cha kwanza kilikuwa cha wageni. Viti vyake vilivishwa vitambaa vya kufuma, na ukutani ilining'inia kalenda ambayo mwaka wake ulikuwa umepita lakini picha yake ya maporomoko ya maji ilikuwa bado nzuri. Chumba cha pili kilikuwa changu. Baina ya viwili hivyo hapakuwa na mlango. Palikuwa na pazia. Lilikuwa la pamba nzito, rangi ya maziwa iliyokwisha kugeuka kuwa ya chai, lililofumwa katika kiwanda cha nguo cha mjini ambako mume wa Dani alifanya kazi hadi alipofariki. Lilianzia juu kwenye boriti, likateremka hadi kuburuzika sakafuni, na lilikuwa limefuliwa mara nyingi hata likawa laini kuliko shati lolote nililomiliki. Dani na Awuor walilala katika nyumba ndogo ya nyuma, pamoja na kuku. Dani alikosa meno sita ya chini, yaliyong'olewa ujanani kwa desturi ya wakati wake, na pengo hilo liliyapa maneno yake upepo, hasa alipokuwa amekasirika, yaani mara nyingi.

Awuor alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nane, na katika sayansi hakuwa na mpinzani. Siku moja nilimwita ubaoni aandike njia ya chakula kutoka mdomoni hadi mwisho wa safari yake. Alikuwa amefika kwenye utumbo mwembamba niliposikia kicheko cha wavulana, kile kinachoanzia nyuma na kusogea mbele kama moshi. Nyuma ya gauni lake palikuwa na doa. Awuor aligeuza shingo, akajaribu kujitazama, akazunguka kidogo, akazunguka tena, kisha akachukua sweta ya jirani yake, akaifunga kiunoni na kutoka nje. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Nyumbani nilimwona akiosha vyombo, akichambua dagaa wa omena, akinipisha njia kwa kuuegemeza mgongo wake ukutani kama askari anayelinda ghala. Dani alijua tu kwamba mtoto amekataa shule, wala hakuambiwa sababu. "Japuonj," aliniambia, na neno hilo maana yake ni mwalimu, "mtoto hasemi. Mjomba yake wa Nakuru, mke wake amezaa, anatafuta msichana wa kubeba mtoto. Mwisho wa mwezi kama huyu hajarudi shule, mimi naweka yeye kwa basi. Siwezi kaa na mtu mzima ananiangalia tu kama paka." Mtihani wa taifa ulikuwa mwishoni mwa mwaka. Nilifahamu kwamba msichana anayekwenda kulea mtoto Nakuru hurudi akiwa na mtoto wa kulea mwenyewe; hilo nilikuwa nimeliona zaidi ya mara moja, sikulisikia.

Nilifanya anachofanya kila mwalimu kijana anayeamini vitabu. Niliamua kuwafundisha wasichana waliobaki, ili jambo hili lisiwavamie kama lilivyomvamia mwenzao. Kitabu cha serikali kilikuwa na aya moja tu kuhusu hedhi, na aya hiyo ilikuwa imeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kufika kwenye sura ya minyoo. Nikachora mwenyewe ubaoni, kwa chaki ya rangi mbili, mji wa mimba, mirija yake miwili iliyotandazwa kushoto na kulia, na vifuko vya mayai kwenye ncha. Nilijitahidi sana. Nilipogeuka, darasa lilikuwa limetulia kwa mshangao wa heshima. Msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, hiyo ni ng'ombe ya hapa ama ile ya gredi ya kizungu?" Nikautazama mchoro wangu, na kwa mara ya kwanza nikaona pembe, uso mrefu na masikio. Kabla sijajibu, mwalimu mkuu, Bwana Ojwang', alipita dirishani akiwa amefunga mikono nyuma. Alisimama, akamkagua yule fahali, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiyo ndiyo elimu, Mwalimu," alisema. "Watoto wajue mifugo." Akaenda zake. Alasiri alirudi akiwa ameambiwa. Aliufunga mlango wa ofisi, akaketi, akasimama, akaketi tena. "Mwalimu, mimi leo nilisifu nini?" Nilimweleza. Alijifuta uso kwa leso. "Nisikilize. Wavulana walikuwa hapo. Wazazi watakuja hapa na fimbo. Hayo mambo hayafundishwi shuleni. Hayo wanafundishwa na bibi zao nyumbani. Iko hivyo tangu zamani, kila mtu anajua."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniudhi. Mtu anaposema kila mtu anajua, mimi huanza kuhesabu ni nani hasa. Nilimwendea Dani jikoni, alikokuwa akisonga ugali kwa mikono yote miwili, nikamuuliza iwapo amewahi kumweleza Awuor habari za kwenda mwezini. Mwiko ulisimama. "Mimi? Si nyinyi mnafundisha? Watoto ni wa shule siku hizi. Mlisema tulete asubuhi, tukaleta. Wanafundishwa mpaka mdudu aina ngapi." Nilikwenda kwa mama mmoja muuza samaki, mzazi wa msichana wa darasa langu. Yeye alisema mambo hayo hufundishwa kanisani, siku ya kina mama. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, bibi mwenye kofia, akanipa chai na andazi na kunihakikishia kwamba kanisa haliwezi kuingilia kazi ya mama mzazi, na kwamba kwa yale ya kitaalamu kuna zahanati. Kwenye zahanati, muuguzi alicheka hadi akaishika meza. "Hapa wanakuja wakiwa na mimba, Mwalimu. Hiyo yako ni ya shule." Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikiwa nimeuzunguka mtaa wote. Kila mtu alikuwa amesikia kwamba wasichana wanaambiwa; hakuna aliyekuwa amemwambia msichana yeyote. Ilikuwa habari ya kusikia iliyotembea nyumba hadi nyumba kwa miaka, ikipokewa vizuri na kupewa chai, bila yeyote kuiuliza imetoka wapi.

Nilimweleza Dani matokeo ya uchunguzi wangu wakati tukila, mimi mezani na yeye kwenye kigoda chake karibu na mlango. Nilimweleza pia kuhusu ubao, sweta na kicheko. Alikuwa akimtazama Awuor kupitia mlangoni, aliyekuwa akimwaga maji machafu uani na kurudi kinyumenyume. "Kwetu," alisema hatimaye, "ilikuwa siwindhe. Msichana akianza kukua halali kwa mamake. Analala kwa nyumba ya bibi, na wengine, na bibi anasema yote. Mimi nimesema hayo kwa wasichana wengi kule nyumbani, Japuonj, wengine sasa ni wazee hawana meno kama mimi. Halafu tukakuja mji. Nyumba ni ya kupanga. Nani atalalisha wasichana kumi hapa, kwa kuku?" Akanawa mikono. "Na huyu wangu, wa damu, analala futi mbili kutoka kwangu." Mara hii pengo la meno yake halikutoa upepo wowote. Asubuhi yake alikuwa ameshaamua. Siwindhe ingerudi, si ya kulala bali ya kuketi, Jumamosi mchana, katika chumba cha wageni. Nilimpongeza. Nikamwambia ningehudhuria ili kueleza upande wa sayansi. Dani alinitazama kana kwamba nimeomba kunyonyesha. "Mwanaume haingii siwindhe."

"Lakini chumba changu kimo ndani, Dani. Nikitaka kutoka lazima nipite hapo hapo."

"Basi usitoke." Alifikiri. "Lakini hiyo ya damu inatoka wapi, hiyo mimi sijui, na sitadanganya watoto. Ya kufunga, ya kuosha, ya tumbo ikiuma, hiyo ni yangu. Ya ndani sema wewe. Kaa huko kwako na useme. Wewe utakuwa pazia."

Hivyo ndivyo Jumamosi ya kwanza nilivyojikuta nimeketi ukingoni mwa kitanda changu, nimevaa tai, nikilitazama kwa karibu kitambaa cha rangi ya chai, huku nikisikia wasichana wakiingia, wakisukumana na kunong'ona, mabenchi yakiburutwa. Harufu ya nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilipenya na kunikumbusha kwamba sijala. Dani alianza kwa kuwauliza kila mmoja ni nani na wa nani, mpaka kwa babu wa babu, kisha akawaambia bila kuzunguka kwamba msichana akikomaa hutokwa na damu kila mwezi, kwamba yeye mwenyewe ilimtoka, kwamba mama zao iliwatoka, na kwamba aliyecheka atoke nje akacheke na kuku. Hakuna aliyetoka. Akaeleza tumbo linavyouma na chupa ya maji moto inavyosaidia. Halafu akafika mahali ambapo sikuweza kuvumilia. Aliwaonya wasipite kwenye shamba la maboga wakiwa katika siku hizo, kwa kuwa maboga yataoza yakiwa machanga. "Ushahidi uko wapi?" niliuliza kutoka chumbani. Mabenchi yakalia kwa pamoja. Baadaye niliambiwa wote walikuwa wameruka. "Nani huyo?" mmoja akauliza kwa hofu. "Ni pazia," Dani akajibu. "Na pazia haisemi mpaka iulizwe."

Waliponizoea, waliuliza. Sijawahi, kabla au baada ya hapo, kuulizwa maswali kama yale, na nina hakika nisingeyasikia kama ningekuwa na uso. "Pazia, damu ikitoka yote mtu anakufa?" Nilijibu kwamba haitoki yote, ni kiasi kidogo kuliko inavyoonekana, na ni ya utando ambao mji wa mimba huutayarisha kila mwezi na kuuachilia usipohitajika. "Pazia, mwezi wa kwanza nilipata, wa pili sikupata. Nimeharibika?" Nilijibu kwamba mwili unaoanza kazi mpya haushiki ratiba mara moja, kama walimu wapya. "Pazia, ukioga ziwani kiboko atanusa akufuate?" Nilijibu kwamba kiboko hula nyasi na hana haja na mtu wa darasa la nane. Dani aliguna kuonyesha kwamba kwa kiboko hakubaliani nami, lakini akaniachia. Wakati huo wote Awuor hakuwa ameketi. Alikuwa akiingia na kutoka, akileta sahani, akileta chumvi, akirudi kuchukua kijiko ambacho hakuna aliyekihitaji. Nilizitambua hatua zake. Zilifika mlangoni, zikasimama.

"Na si lazima mtu awe amelala na mwanaume?" sauti yake ikauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msichana yule hakuwa amejificha kwa sababu ya doa peke yake. Aliamini, kwa kuwa aliambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu, kwamba damu ile ni ushahidi dhidi yake, na kwamba darasa zima limeusoma. "Si lazima," nilisema, kwa sauti niliyoitumia kutangaza kanuni za sayansi. "Hakuna uhusiano wowote. Huja yenyewe wakati wake ukifika, kwa msichana mwema na kwa msichana mtundu, kwa anayesoma na kwa asiyesoma. Huja kama jino linavyoota. Hakuna anayemuuliza mtoto ameota jino na nani."

"Yangu yalitolewa," Dani akasema, na chumba kizima kikalipuka kwa kicheko, na katikati ya kicheko hicho nilisikia benchi likilia mara moja zaidi. Awuor alikuwa ameketi.

Hata hivyo hofu ikiondoka, gauni hubaki. Awuor alisema wazi kwamba angerudi shule, lakini si kama angesimama tena ubaoni na kitambaa cha gunia kinachochoma na kuteleza. Wengine wakaanza kutaja wanachotumia: sponji iliyonyofolewa kwenye godoro, karatasi za daftari, soksi ya kaka. Pamba ya dukani ilikuwa ya wenye maduka. Dani alisikiliza, kisha nikasikia akiinuka na magoti yake yakilia. Kivuli chake kilikuja kikasimama mbele yangu, upande wa pili. Mkono ukashika pindo la pazia. "Pamba ni hii," alisema. "Hii imefuliwa tangu uhuru, hakuna laini kama hii Kisumu." Nikaona wembe ukitokea chini ya kitambaa na kutembea kwa mlalo kutoka ukuta hadi ukuta. Kipande kirefu kikaanguka. Mwanga wa chumba cha wageni ukaingia chumbani kwangu kwa chini na kuvilamba viatu vyangu. Walivitazama kwa utulivu. "Pazia," mmoja akasema, "kamba za viatu vyako si rangi moja." Jumatatu iliyofuata Awuor alivaa sare yake. Mjomba wa Nakuru aliambiwa atafute mahali pengine.

Jumamosi zilizofuata wasichana waliongezeka, na mahitaji nayo yakaongezeka. Dani aliwafundisha kukunja kitambaa mara tatu, kukishika kwa kamba ya lastiki kiunoni, kukibadilisha kabla hakijalalamika, kukifua kwa maji baridi kwanza na sabuni baadaye. Mimi nilisisitiza jua. Wao walikuwa wakivikausha vitambaa chini ya magodoro, mahali ambapo kisayansi ni bora kufugia magonjwa. Jua halikuwa tatizo Kisumu, tatizo lilikuwa macho. Suluhisho lilikuwa la Dani: vitambaa vingeanikwa kwenye kamba yetu, na juu ya kila kitambaa lingeanikwa shati langu moja, la wazi, la kupepea. Nilikuwa na mashati manne. Yakawa yanafuliwa na kuanikwa kila siku, yakiwa machafu au safi, na mtaa ukafikia hitimisho kwamba mwalimu yule anataka kuoa. Mama mmoja aliniletea hata binti wa dada yake nimwone. Kila Jumamosi wembe ulitembea, na kila Jumamosi nilionekana zaidi. Soksi zangu zilijadiliwa. Kiraka cha goti la kushoto kilisifiwa. Sahani yangu ya nyoyo, iliyokuwa ikipitishwa chini ya pindo kama chakula cha mfungwa, sasa ilipokelewa mkononi kwangu.

Bwana Ojwang' alikuja pazia likiwa limefika magotini. Alikuwa amesikia, naye alikuwa mtu wa kusikia, kwamba mwalimu wake anakusanya wasichana nyumbani kwake. Alifungua mlango bila hodi, akakuta mabenchi yamejaa na Dani ameshika kitambaa mkononi. "Mwalimu wangu yuko wapi?" akaunguruma. Wasichana wote wakaelekeza vidole kwenye miguu yangu. Dani hakuinuka. "Mwanaume haingii siwindhe," alimwambia. "Aidha uko nje, aidha uko pazia. Na nje mvua inakuja." Sijui ni heshima au ni mvua, najua tu kwamba baada ya muda mfupi mwalimu mkuu alikuwa ameketi kando yangu kitandani, magoti yetu yamegusana, na viatu vyetu vinne vimepangwa mbele ya hadhara. Somo likaendelea. Mtu akauliza kuhusu mayai, nami nikaeleza safari ya yai kutoka kwenye kifuko, kupitia mrija, hadi mji wa mimba. Bwana Ojwang', baba wa mabinti watano, alisikiliza huku mdomo umefunguka. "Kumbe?" alininong'oneza. Nilithibitisha. Alichora kitu hewani kwa kidole: uso mrefu, pembe mbili. "Kumbe ile ng'ombe…" Nikamwambia ndiyo. Alitoka bila kusema zaidi. Jumamosi iliyofuata binti yake mdogo alifika akiwa na mche mzima wa sabuni, akaketi mbele.

Mwezi wa mtihani ulipoingia, pazia lilikuwa limepanda hadi kidevuni kwangu. Kisha likafika juu ya macho. Nilingoja wasichana waanze kuona haya, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya pazia. Hawakuanza. Walikuwa wamezoea kidogo kidogo, kutoka viatuni kwenda juu, na uso wangu ulipowasili haukuwa habari mpya. Waliendelea kuniita Pazia, na kuniuliza, na kunitazama wakingoja jibu. Juu, kwenye boriti, ulibaki ukanda mmoja mwembamba wa pamba pamoja na pindo lake, usioficha kitu chochote isipokuwa utando wa buibui.

Asubuhi ya mtihani wa kwanza nilikuwa nikitafuta tai. Awuor aliingia chumba cha wageni akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi, kalamu mbili mkononi, uso umekunjamana kwa maumivu. Bibi yake alikuwa jikoni. Zamani, yaani mwanzoni mwa mwaka ule ule, angeuegemeza mgongo ukutani na kunyamaza mpaka mtihani umpite. "Mwalimu," alisema, "imeanza. Vyangu viko kwa kamba, havijakauka. Naomba ile iliyobaki." Alisema hivyo kama mtu anayeomba wino. Nilipanda juu ya kiti, nikaukata ukanda ule kwenye boriti kwa wembe wangu wa ndevu, nikashuka na kuukunja mara tatu kama nilivyomsikia Dani akifundisha mwaka mzima. Awuor aliupokea, akautazama. "Umekunja vibaya," alisema, akaukunjua na kuukunja upya mbele yangu, taratibu, ili nijifunze. Akaenda nyuma, akarudi, akanywa uji wake akiwa amesimama. Nilimsindikiza kwa macho kupitia mlangoni. Alivuka ua, akapita chini ya mashati yangu, akafungua lango na kushika njia ya shule. Nilikuwa nimewaona wasichana wengi wakitembea mwaka ule, na wote walikuwa na mtindo mmoja, kila baada ya hatua chache shingo hugeuka na mkono huvuta gauni nyuma. Nilingoja shingo yake igeuke. Haikugeuka hadi alipopotea kwenye kona.

Dani aliingia akiwa na kikombe changu cha uji. Alisimama katikati ya chumba cha wageni, akaitazama boriti iliyokuwa wazi, kisha akakitazama chumba changu, ambacho kwa mara ya kwanza tangu nipange kwake hakikuwa na kitu chochote cha kukificha: blanketi sakafuni, mto miguuni, shuka limesokotwa kama kamba ya mbuzi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Japuonj," alisema, "kumbe hujui kutandika kitanda."

Nilifungua mdomo kumuuliza ushahidi wake uko wapi. Nikaufunga, nikachukua uji.